Nyaya Alizozisuka Mhandisi

Jina la Mhandisi hakupewa na chuo. Alipewa na mtaa, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha, naye akalipokea lote kwa heshima. Kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja ilikuwa ya kuunga nyaya za simu: kushuka kwenye mashimo ya barabarani, kuchuna kebo nene kama mguu wa mtoto, na kuunganisha nyaya nyembamba jozi kwa jozi, mpaka mtu wa upande huu wa mji aweze kumsalimia mtu wa upande ule. Jioni, wenzake walipokwenda kunyoosha migongo, yeye alinawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akachukua daftari, akaenda darasani. Alisoma hesabu, akasoma umeme, akapata cheti. Cheti hicho kilitundikwa sebuleni, juu ya redio, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asikione hata akitaka.

Alipostaafu alinunua amplifaya kuukuu na spika mbili ndefu zilizomfika kiunoni. Alizifungua, akazisafisha, akazipaka rangi upya. Lakini fahari yake haikuwa amplifaya wala spika. Fahari yake ilikuwa nyaya za kuviunganisha, kwa sababu nyaya alizitengeneza mwenyewe.

"Watu wananunua mashine ya maana," alikuwa akisema, "halafu wanaifunga kwa waya wa taa. Ni sawa na kumnywesha mgonjwa uji kwa mrija wa kalamu."

Zake zilitokana na mabaki ya kebo ya simu. Alichuna ganda la nje, akatoa jozi zilizokuwa ndani, kila jozi ikiwa na waya mmoja mweupe na mwenzake wa rangi, akazinyoosha, akazisuka tatu tatu kama nywele. Kusuka alifundishwa na mkewe. Bibi alishika ncha upande mmoja wa sebule, bwana akawa anasuka upande wa pili, vidole vilivyozoea koleo na bisibisi vikijikwaa, mpaka siku ya nne bibi akachoka.

"Baba watoto, nimesuka mabinti watatu katika nyumba hii, hakuna aliyenikalisha siku nne. Huyu binti yako ana kichwa kikubwa kiasi gani?"

Basi nyaya zile zikaitwa binti. Usimkanyage binti. Fagia, lakini binti mwache alivyolala.

Waya wa kwanza aliufunga kwenye spika ya kulia, ya kushoto ikibaki kwa muda na waya wa taa. Kebo ikamwishia, akangoja wiki tano mpaka rafiki zake wa zamani walipompatia mabaki mengine, akasuka wa pili, akaufunga kwenye spika ya kushoto. Siku ile sauti ilibadilika. Hapo kabla muziki ulikuwa ukisimama katikati ya spika mbili, kama mtu aliyesimama mlangoni. Sasa ulitanda. Ulitoka pembeni, ukatoka nyuma, ukatoka kwenye dari. Mhandisi alizunguka sebule akicheka peke yake.

"Umesikia? Huwezi kujua inatoka wapi! Waya ndio huo!"

Mkewe alisimama na mwiko mkononi, akasikiliza. "Na ngoma zimekwenda wapi?"

"Zile hazikuwa ngoma, zilikuwa uchafu. Waya mzuri umezichuja."

"Basi umechuja mpaka nyama," alisema bibi, akarudi jikoni.

Mhandisi alikuwa ameshazoea kwamba aliyesoma hubishana na asiyesoma kwa kunyamaza.

Mtaa ule ulikuwa na kwaya, na Mhandisi alikuwa mlezi wake. Hakuimba, sauti yake mwenyewe ilikuwa kama ya bawaba kavu. Lakini alikuwa na masikio, na sasa alikuwa na nyaya, kwa hiyo kwaya iliporekodi nyimbo za kupeleka kwenye mashindano, kamati ilikubaliana kwamba nyimbo zisikilizwe kwake kwanza. Wakaja watatu: mwenyekiti, mtu mnene aliyekubaliana daima na yule aliyesema mwisho; mwalimu wa kwaya, mwanamke kijana mwenye daftari lisiloisha kurasa; na Pipa.

Pipa alikuwa fundi cherehani, rika moja na Mhandisi na rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na nywele. Aliitwa Pipa kwa sababu ya sauti. Aliimba sauti ya nne, besi ya chini kabisa, na aliposhuka nayo ungedhani mtu anaviringisha pipa tupu kwenye sakafu ya chumba cha jirani. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mahali pamoja: nyuma, katikati kabisa, vijana wawili wa besi wakiwa huku na huku kama nguzo za mlango.

Walisikiliza wimbo wa kwanza. Sauti za wanawake zilitanda sebuleni kama harufu ya sabuni. Vijana wawili walisikika, kwa mbali. Pipa hakusikika. Walirudia. Wakasikiliza wa pili, wakasikiliza wa tatu. Ilipofika zamu yake ya kushuka peke yake, pale ambapo kwaya nzima hunyamaza na kumngoja, kulikuwa na kitu kama pumzi ya mtu aliyelala.

Mwalimu aligeuza kurasa za daftari. "Mzee, mimi kwenye simu yangu, nikivaa vile vya masikioni, namsikia vizuri tu."

Hapo ndipo Mhandisi alipocheka kile kicheko ambacho baadaye kilikuwa kikimrudia hata akiwa anapiga mswaki.

"Simu? Mwanangu, nimefanya kazi ya simu kabla mama yako hajakutana na baba yako. Simu haijui besi. Hiki unachosikia hapa ndicho kilichorekodiwa. Nyaya hizi hazidanganyi." Akamgeukia rafiki yake, akalainisha sauti kama daktari. "Pipa, bwana wee, uzee ni uzee. Hata gari hufika siku likapumzishwa."

Mwenyekiti akasema naam, hata gari. Mwalimu akafunga daftari. Pipa alikuwa ameinamia spika, sikio lake likiwa karibu kuigusa, akitafuta. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Kweli," alisema. "Mimi simo."

Wakarekodi upya bila yeye. Kazi hiyo ilichukua miezi mitano.

Jumanne moja asubuhi Mhandisi alikwenda kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa mwanakwaya, wa sauti ya tatu, na juu ya kioo chake ilining'inia spika moja, moja tu, iliyong'olewa kwenye gari bovu. Ilifungwa kwa waya wa taa, tena wenye mafundo mawili. Mhandisi kila alipoketi pale aliitazama kama mwalimu anavyolitazama daftari chafu.

Kinyozi alimpaka povu, akamnyoa shavu la kushoto, kisha akabonyeza redio. Zilikuwa nyimbo za kwaya, zile za kwanza.

"Unaweka nini hiyo?" Mhandisi aliuliza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ya zamani. Napenda hii zaidi kuliko ile mpya. Tulia, nisije nikakukata."

Kwaya iliimba, ikapanda, ikanyamaza. Na pale kwenye ukimya, Pipa akashuka.

Alishuka ngazi moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchota maji nyumbani kwake. Kioo kilitetemeka. Vitana vilivyokuwa kwenye gilasi vikagongana. Mhandisi aliisikia sauti ile kwenye mbao za kiti, chini ya mapaja yake.

"Huyo nani?" alisema, ingawa alijua.

"Huyo nani!" Kinyozi alicheka. "Umri unakula na masikio? Pipa huyo. Nikimweka huyu lazima nishike vioo."

"Rudia."

Kinyozi alirudia. Pipa akashuka tena, akaenda mpaka chini kabisa, akakaa huko.

"Mimi nilishangaa," kinyozi alisema, akifuta wembe kwenye taulo, "niliposikia mmesema hasikiki. Nikataka kuja niulize. Lakini nikasema, nani abishane na Mhandisi? Mtu ana cheti. Wee! Wee mzee, unakwenda wapi? Bado upande mmoja!"

Mhandisi alikuwa ameshafika barabarani, povu likimkauka kwenye shavu la kulia. Watu walimsalimia, yeye akaitikia kwa mkono bila kugeuza uso.

Nyumbani alifunga mlango wa sebule, akapiga magoti nyuma ya amplifaya, akazichomoa nyaya zote mbili. Akachukua betri ya tochi. Jambo hili alilisoma katika mwaka wake wa pili wa masomo ya jioni, na aliwahi kuwafundisha majirani wawili: ukigusisha betri kwenye waya wa spika, koni ya spika huruka, na ukitazama inaruka kwenda wapi utajua kama umefunga sawasawa. Aligusisha waya wa kulia. Koni ikasogea mbele, kama mtu anayevimbisha shavu. Akagusisha wa kushoto, vilevile, mweupe huku, wa rangi kule.

Koni ikarudi ndani, kama mtu anayemeza mate.

Akagusisha tena. Ikameza tena.

Hakuhitaji kitabu. Waya wa kwanza alikuwa amefunga mweupe kwenye mdomo mwekundu wa spika, ule wa chanya. Waya wa pili, baada ya zile wiki tano, alifunga mweupe kwenye mdomo mweusi, ule wa hasi. Na kwenye simu hilo si kosa! Jozi ya simu ukiigeuza, kengele inalia vilevile na mtu anaongea vilevile. Kwa miaka thelathini na moja mikono yake ilijifunza kujali jozi ipi ni ya nani. Haikujifunza kujali upande. Kichwa ndicho kilichokwenda masomo ya jioni. Mikono ilibaki shimoni.

Kwa hiyo spika moja iliposukuma hewa, mwenzake aliivuta. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu kwa ndani na yule kwa nje: jasho jingi, mlango hauendi. Sauti nyembamba hupenya pembeni, zikatandaa kila mahali, ndizo alizozicheka kwa furaha. Sauti nzito huuana. Na aliyesimama katikati kabisa, nyuma, sauti yake ikigawanywa sawa kwa spika zote mbili, huyo huuawa kuliko wote.

Mhandisi aliushika ule waya mzuri wa kushoto, akaulegeza skrubu mbili, akaugeuza, akaukaza. Kazi ya dakika mbili. Akazirudisha nyaya kwenye amplifaya, akaweka wimbo kwa sauti ndogo, na Pipa akasimama katikati ya sebule yake kana kwamba hajawahi kuondoka.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe alisikiliza kidogo.

"Mbona leo ngoma zimerudi?"

"Nimesafisha ncha za nyaya," alisema Mhandisi.

Bibi akamtazama usoni, shavu moja jeupe na jingine jeusi. "Na ndevu? Nazo unasafisha upande mmoja mmoja?"

Alijimalizia ndevu mwenyewe, akakaa na siri ile siku nzima kama mtu aliyekaa na jiwe ndani ya kiatu mbele ya wageni. Hakuna aliyejua. Hakuna ambaye angejua, na hilo ndilo lililomtia hofu. Jumamosi kamati ingekuja kusikiliza rekodi mpya, ile isiyo na Pipa. Sasa spika zilikuwa sawa. Vijana wawili wangesikika vizuri, na kila mtu angesema, mnaona, Mhandisi alisema kweli, tatizo lilikuwa mzee. Kulitengeneza kosa kungelifanya kosa liwe hekima. Akafikiri kuugeuza tena waya uwe kama ulivyokuwa. Lakini hapo vijana nao wangepotea, na angetakiwa aseme wapumzishwe nao. Alijikuta, mtu mzima mwenye wajukuu, ameketi akipima ni uongo upi utakaomkaa vizuri zaidi.

Jumatano alikunja suruali yake nzuri ya kijivu, akaenda kwa Pipa.

Zamani duka lile ungelisikia kabla hujaliona. Pipa alikanyaga cherehani na kuimba, na wateja walisema suruali zake zinakuja na wimbo mfukoni. Siku hizi ilisikika cherehani peke yake.

"Karibu, Mhandisi. Umeleta nini, kebo ipigwe pindo?"

"Suruali. Ipunguze."

Pipa alimvalisha, akapiga magoti na futi yake ya utepe, akainua macho. "Hii inakutosha."

"Ipunguze tu."

"Kiasi gani?"

"Utakavyoona."

Pipa akaweka pini, taratibu, pini kinywani na pini kidoleni. Mhandisi alitazama utosi wa rafiki yake. Sasa, alijiambia. Sema sasa, akiwa ameinama.

"Pipa."

"Naam."

"Hiyo cherehani... naona inapiga kelele siku hizi. Itie mafuta."

"Cherehani ni ileile," alisema Pipa. "Zamani ulikuwa huisikii."

Akasimama, akafuta magoti. Kisha, kwa kuwa walikuwa peke yao, akasema jambo ambalo bila shaka alikuwa ameliandaa kwa muda. "Na tusikae kama watu wenye neno. Mimi sina kinyongo. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Wengine wangeniacha niendelee, wakanicheka kwa nyuma, nikaaibika mbele ya majaji. Wewe ulinisitiri. Nakushukuru."

Mhandisi alifungua mdomo. Kilichotoka ni: "Haya, bwana. Haya."

Alipoichukua suruali Ijumaa na kuivaa nyumbani, ilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Vilionekana vifundo viwili, vikavu, kama vya jogoo. Mkewe akavitazama, akauona uso wa mumewe, akaenda kuepua chungu.

Jumamosi saa tisa alasiri mwenyekiti na mwalimu walifika. Mhandisi alikuwa amevaa ile suruali. Hakujua kwa nini, ila kila nyingine aliyoigusa ilimkataa. Waliketi. Rekodi mpya ikawekwa. Vijana wawili wakatoka wazi, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakiimba vizuri kabisa, na pale katikati, palipokuwa na zamu ya kushuka, waliruka nafasi ile kwa adabu kama watu wanaoruka dimbwi.

"Aa!" Mwenyekiti alipiga paja. "Hii ndiyo besi! Sasa besi inasikika! Kwa kweli tulifanya vyema kumpumzisha Pipa. Mlezi wetu ana masikio, jamani."

Mwalimu alilikunja daftari magotini. Alikuwa akitazama sakafuni, na Mhandisi akaona kwamba binti yule alikuwa na aibu. Aibu ya kuwahi kumbishia yeye, mzee, kumbe mzee alikuwa sawa. Hiyo ndiyo iliyomwinua kitini.

"Naomba mnisubiri," alisema. "Mama watoto, wape chai."

Alikwenda moja kwa moja dukani. Pipa alikuwa na futi shingoni.

"Njoo nyumbani."

"Nina kazi."

"Njoo, tafadhali."

Katika miaka yote ile Pipa hakuwahi kusikia neno tafadhali likitoka kinywani mle. Alidhani kuna msiba. Aliacha cherehani ikiwa na nguo ya mtu chini ya sindano, akamfuata.

Sebuleni Mhandisi hakumkaribisha mtu kiti. Aliweka ile rekodi ya kwanza, akaipeleka mpaka pale kwenye ukimya. Na Pipa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajisikia akishuka. Vikombe vya chai vililia kwenye visahani vyake. Alishika kizingiti.

"Hiyo ni ileile?" alinong'ona.

"Ni ileile," alisema Mhandisi. "Hakuna kilichobadilika ila huu." Akapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, magoti yakaalika, suruali ikapanda mpaka nusu ya miguu, akaulegeza waya, akaugeuza, akaukaza, akarudisha wimbo. Kwaya ikatanda. Pipa akatoweka. Ikabaki ile pumzi ya mtu aliyelala.

"Niliufunga kinyume," alisema Mhandisi kutoka pale chini. "Kosa langu mwenyewe, la mikono yangu. Pipa alikuwemo tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemfuta. Na wewe, mwalimu, uliniambia ukweli, nikakunyamazisha kwa cheti."

Mwenyekiti alikohoa. "Basi ni mambo ya kiufundi tu, hata gari..."

"Mwenyekiti, tulia kidogo," alisema Pipa. "Mhandisi, geuza tena."

Mhandisi akageuza. Pipa akarudi, vikombe vikalia.

"Tena."

Akageuza. Pipa akatoweka.

"Tena."

Mara tatu alimgeuzisha, na kila mara mzee yule ilimbidi atambae kutoka kwenye amplifaya mpaka nyuma ya spika, vifundo nje, jasho likimdondokea kwenye nyaya alizozisuka. Hakuna aliyemsaidia. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na birika, alitazama pembeni.

"Ulijua lini?" Pipa aliuliza hatimaye.

"Jumanne."

"Jumatano ulikuja dukani."

"Ndiyo."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo."

"Ukaniitikia."

Mhandisi angeweza kulieleza lile kosa la waya. Kwenye kitabu lipo, lina mchoro wake. Hili la kuitikia halikuwa na mchoro.

"Miezi mitano," alisema Pipa, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kipimo kwenye futi. "Hata bafuni sijaimba." Akatoka. Mwalimu akanyakua daftari, akamkimbilia. Mwenyekiti alimaliza chai yake, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa, akaaga bila kumtazama mtu.

Mhandisi alibaki pale chini. Mkewe akaja, akamshika kwapani.

"Simama. Sakafu ina baridi."

"Uliniambia ngoma zimepotea."

"Nilikuambia," alisema bibi. "Simama."

Habari ilizunguka mtaa kabla ya jua la kesho yake. Jina la Mhandisi lilibaki, ila ile nusu ya heshima ikachomoka, ukabaki mzaha mtupu. Mtu akivaa fulana nje ndani, watu walisema amevalishwa na Mhandisi. Kinyozi alimnyoa bila kusema neno, na ule ukimya ulikata kuliko wembe. Mwenyewe alikishusha cheti, akakitia kabatini, kisha akaona kwamba ukutani pamebaki alama nyeupe ya mraba inayoonekana zaidi ya cheti, akakirudisha.

Mwalimu alikwenda dukani kwa Pipa mara tatu, na mara ya tatu Pipa alikubali kurudi kwenye kwaya. Mhandisi aliyapata hayo kwa watu. Yeye alipita njia nyingine, ndefu, mpaka siku moja barabara ile ikafungwa kwa ajili ya mtaro, ikambidi apite mbele ya duka. Alisikia kabla hajaona. Cherehani ilikuwa ikienda, na juu ya cherehani, au chini yake, pipa lilikuwa likiviringika.

Akaharakisha.

"Mhandisi!"

Akasimama.

"Bado unavaa hiyo suruali? Unatembea mtaani kama kuku aliyenyeshewa, watu wananiuliza nani fundi wako. Pita ndani. Vua."

Nyuma ya duka kulikuwa na pazia fupi la kupimia nguo. Mhandisi aliingia, akavua, akaipitisha suruali kwa juu. Alibaki na shati na miguu yake mitupu, ikionekana kuanzia magotini kwenda chini kwa kila apitaye.

"Hutaweza kuirefusha," alisema kutoka ndani. "Ulishakata."

"Nani alikuambia nimekata?" Zilisikika nyuzi zikikatika, tk, tk. "Mtu analeta suruali inayomtosha, anasema ipunguze. Nikajua huyu leo hayuko sawa. Nikakunja ndani, vidole vitatu vyote vipo. Kitambaa ukikikata, umekikata. Fundi lazima kwanza awe na hakika."

Mhandisi aliyatazama maneno yale yakimpita moja moja. Hakuwa na pa kuweka mikono.

"Pipa," alisema, "mimi..."

"Subiri. Natoa uzi."

Pipa alitoa uzi, mshono kwa mshono, bila haraka yoyote, akiimba. Uzi wa mguu mmoja ulichukua ubeti mzima. Mteja mwanamke akaingia na gauni mkononi, akaiona ile miguu chini ya pazia.

"Na huyo nani?"

"Mhandisi," alisema Pipa. "Anasubiri."

Akaendelea pale alipoachia, akishuka chini, chini zaidi, mpaka vyuma vya pazia vikaanza kulia. Nyuma yake Mhandisi alisimama wima, miguu ikimsisimka kwa upepo wa mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho.